Jina Moja Ng'ambo ya Korongo

Sogeeni, sogeeni, jikoni kuna joto la kututosha sote. Mwenye usingizi auvue auache mlangoni pamoja na viatu vyake, atauvaa akitoka. Ila mjue mapema: hadithi hii haikuja na mwisho wake. Mwisho mtautoa ninyi, na hakuna atakayeondoka hapa hajautoa.

Basi. Ilikuwa nchi ya milimani, nchi ambayo mawingu yalishuka yenyewe kunywa maji mitungini mwa watu. Ukifungua mlango asubuhi ilibidi kwanza ulisogeze wingu kwa mkono, hivi, taratibu, ndipo uwaone kuku wako. Na katika nchi hiyo waliishi watu watatu wenye vipaji visivyofanana.

Riziki alikuwa mpiga ngoma, na kipaji chake kilikuwa katika kula. Akitafuna kitu, yeyote anayemtazama alisikia utamu wake ulimini mwake mwenyewe. Ale kiporo cha muhogo, wewe uliye mlangoni unameza mate kana kwamba umepita kwenye pilau ya harusi. Tumbo lake lilikuwa kubwa, la fahari. Ngoma yake aliiegemeza hapo, na mlio ulitoka ngomani, ukaingia tumboni, ukatoka umeiva.

Zaituni alikuwa jirani, mjane asiye na mtoto, na kipaji chake kilikuwa katika kusimulia. Akianza kisa, njia hujikunja kama mkeka. Watu walitoka naye shambani wakajikuta wamefika nyumbani, hawakumbuki kilima walikipandia wapi.

Kidawa alikuwa dada yake Riziki, na kipaji chake kilikuwa katika sindano. Mshono wake haukuonekana. Ungedhani nguo imeota yenyewe kama jani. Mama yao, kabla hajafa, alinunua jora la hariri ya zambarau akalikata mara mbili. Kipande cha kwanza alimpa mke wa Riziki, kikashonwa gauni. Kipande cha pili, chenye pindo la uzi wa dhahabu, alimwekea Kidawa kwa siku ya harusi yake. Siku hiyo ilikuwa bado inakuja. Kila mwaka Kidawa alikitoa kitambaa sandukuni, akakianika kivulini, akakinusa, akakirudisha.

Na katikati ya hao watatu alikuwepo Sikudhani. Kwa Riziki ni mke, kwa Zaituni ni shoga, kwa Kidawa ni wifi. Ndiye aliyepika halua ya sherehe zote za mlimani. Mwili wake ulikuwa mkubwa, mlaini, wenye nafasi. Watoto wa mtaa mzima walishalala mapajani mwake, wawili wawili, na hakuna aliyeanguka. Mwenyewe aliupenda mwili ule. Akikaa kibarazani, kibaraza kilijaa, naye akasema, "Nimefika." Hakuwa na ugomvi nao hata siku moja, mpaka habari ilipotoka ng'ambo.

Ng'ambo ya korongo ndiko alikoolewa binti yake, Tunu. Zamani palikuwa na gogo nene la mvule, watu wakapita na ng'ombe wao. Masika yakaja, gogo likaenda na maji. Wanaume wakasuka daraja la kamba, jembamba, linalocheka hata likipitiwa na ndege. Asubuhi moja sauti ya Tunu ikavuka juu ya wingu:

"Maaama! Ni msichana!"

Sikudhani alikuwa ameshika mwiko. Mwiko ukamwanguka. "Anaitwa nani, mwanangu?"

"Haitwi! Anakungoja wewe!"

Hapo lazima mjue desturi ya nchi ile. Mtoto alipewa jina na bibi mzaa mama, kwa kumpakata na kumnong'oneza sikioni. Na ilibidi iwe kabla jino la kwanza halijatoka. Jino likitangulia jina, mtoto huyo ataitikia kila sauti: ya maji, ya ndege, ya upepo mlangoni. Na siku moja, mojawapo ya sauti hizo itamwita, naye ataifuata, na mama yake atabaki ameshika kanga. Kumleta mtoto upande wa huku haikuwezekana, maana asiye na jina havushwi juu ya maji.

Na jina lenyewe halikuwa la kuokota. Mtoto alipewa jina la mtu aliyemfikisha bibi kwake. Mtu mmoja, jina moja, na lisiwe la bibi mwenyewe. Kuanzia hapo yule mtu na yule mtoto ni masomo, wenye jina moja, na masomo wa kule waliitana "Mimi". "Mimi, njoo unywe uji." "Mimi, nishike mkono, pana utelezi." Mtu mwenye somo hakuzeeka peke yake.

Sikudhani akafunga kanga kiunoni, akaenda darajani.

Mlinzi wa daraja, Mzee Ngwali, alikuwa na ubao uliolazwa juu ya gogo. Upande mmoja aliweka jiwe. Upande mwingine ulikaa wewe. Jiwe likitulia chini, pita. Jiwe likinyanyuka, rudi nyumbani. Sikudhani akakaa. Jiwe likaruka kama kifaranga aliyemwona mwewe.

"Mama Tunu," akasema Mzee Ngwali, akilifuata jiwe vichakani, "mimi nakuheshimu. Ila kamba hazikujui."

Sikudhani alirudi akakaa kibarazani, na kwa mara ya kwanza hakusema "Nimefika."

Riziki akaja akakaa naye. "Mke wangu, tutapungua."

"Tutapungua nani? Wewe jiwe linakuhusu nini?"

"Nimekula na wewe tangu tuoane. Leo nikuache ule peke yako mboga za maji, mimi niko pembeni na wali wa nazi? Si kula huko, ni kusutana."

Basi Riziki akafanya kazi yake. Alikaa mbele ya mkewe na sahani ileile: mchicha usio na tui, kipande cha boga, maharage machache. Akachukua tonge dogo. Akalitafuna polepole, macho kayafumba, akiguna kama mtu anayesikia ngoma ya mbali. Na Sikudhani, akimtazama, akasikia ulimini mwake nazi ambayo haikuwepo, hiliki ambayo haikuwepo, samli ya harusi yake mwenyewe. Akashiba kwa nusu sahani.

"Baba Tunu, hii ni nini?"

"Mchicha."

"Muongo wewe!"

Wakacheka mpaka kuku wakaondoka. Wakapungua, wote wawili, kama mishumaa miwili kwenye kinara kimoja. Lakini siku moja palipigwa ngoma kwa jirani, na Riziki alipoiegemeza yake tumboni, tumbo halikuwepo. Ngoma ikalia kikavu, kama mtu anayegonga mlango wa nyumba iliyohamwa. Watu wakatazamana. Riziki akatabasamu, akasema mkono unamuuma. Akaenda nyumbani, akala mchicha wake, akiguna vilevile.

Zaituni naye akaja, alfajiri, akalisogeza wingu la mlangoni kwa bega. "Shoga, toka! Miguu haijui kupungua ikiwa imelala."

"Zaituni, kile kilima kitaniua."

"Hakuna kilima. Kuna kisa tu. Njoo."

Basi Zaituni akafanya kazi yake. Walitembea kila alfajiri, naye akasimulia. Alisimulia kisa cha mwanamke aliyefuga umande, na cha mfalme aliyeoa kivuli cha mtu mwingine. Na kila akifika pale penyewe, pale mkono uko kwenye komeo na mlango unafunguka, alinyamaza.

"Ikawaje?" Sikudhani alihema. "We Zaituni, ikawaje?"

"Nimeisahau. Naona iko kwenye lile jiwe kule juu."

"Laana wewe!" Na miguu ikapanda.

Hata visa vyake vikamwishia. Alfajiri moja Zaituni alitembea kimya, na kilima kikawa kilima, kirefu, chenye mawe. Sikudhani akasimama kabisa. "Siwezi leo. Turudi."

Zaituni akaitazama njia. "Kipo kimoja," akasema. "Sijawahi kukitoa." Akasimulia kisa cha msichana aliyezaa upande huu, na bibi mzaa mama yuko mbali, na jino likatangulia. Mtoto akajifunza kutambaa. Akawa akisikia njiwa, anageuka. Akisikia kijito, anageuka. Mpaka siku moja...

Hakumaliza. Sikudhani hakuuliza ikawaje. Alijua sasa kwa nini nyumba ya shoga yake haikuwa na kitu chochote cha mtoto isipokuwa kanga moja ndogo iliyokunjwa. Wakashikana mikono wakapanda mpaka juu, na siku hiyo ndiyo waliyokwenda mbali kuliko siku zote.

Basi, wasikilizaji, mngedhani yamekwisha. Sikudhani alikuwa amepungua kweli, hata kibaraza kilikuwa na nafasi ya mgeni. Mzee Ngwali akasema, njoo kesho nikupime. Habari ikaenea. Na hapo ndipo watu wa nchi ile walipofanya kosa ambalo wao tu ndio wangeweza kulifanya: wakamuaga.

Kule msafiri hakuondoka mpaka kila nyumba imlishe tonge moja kwa mkono wao wenyewe. Ukikataa tonge, umeikataa nyumba, na njiani hutaombewa. Wakaja wote. "Mama Tunu, kitumbua changu hiki, kimoja tu." "Bibi, halua hii nimeipika kama ulivyonifundisha, onja kama imeshika." "Ukinikatalia mimi nitalia hapahapa." Riziki akajaribu kuzuia mlango, wakamlisha na yeye. Sikudhani alikula mtaa mzima, tonge kwa tonge, huku akitokwa na machozi, na wao wakadhani ni machozi ya kuagana.

Asubuhi jiwe likanyanyuka. Halikuruka, lilinyanyuka tu, kidogo, kwa aibu.

Watu wakainamisha vichwa. Ng'ambo, Tunu akaita, "Mama! Fizi zimeanza kuvimba!"

Sikudhani akarudi nyumbani, akageukia ukutani. Riziki akaguna juu ya mchicha, mkewe hakumtazama. Zaituni akaanza kisa mlangoni, shoga yake hakugeuka. "Niacheni," akasema. "Nimejitahidi miezi yote hii, na mwili wangu umebaki palepale. Tembo hawi swala kwa kula majani. Mwambieni Tunu anisamehe."

Kidawa alikuwa amesimama nyuma ya pazia. Alitoka na gauni la zambarau la Sikudhani chini ya kanga.

Basi Kidawa akafanya kazi yake. Alilifumua gauni ubavuni, huku na huku. Akafungua sanduku lake. Akakitoa kitambaa cha mama yake, akakinusa, akashika mkasi. Waliokuwa nje walisikia sauti ya hariri ikikatwa, sauti kama mtu anayevuta pumzi asiitoe. Akaweka kipande kila ubavu, na lile pindo la dhahabu akalikunjia ndani lisionekane. Akashona kwa ule mshono wake. Jua lilipofika kichwani gauni lilikuwa limerudi msumarini, kama halijawahi kuondoka.

"Wifi," akasema, "hebu livae lile gauni la mama kabla hujakata tamaa. Mtu akate tamaa akiwa amependeza."

"Kidawa, usinitanie. Lile lilinibana tangu Idi ile."

"Vaa, nikuone."

Akavaa. Gauni likamteleza mwilini kama maji. Likapwaya kiunoni. Akalishika ubavuni, akalivuta, likavutika. "Kidawa!"

"Naona."

"Kidawa, nimepungua! Jiwe ndilo limeongezeka!"

"Mimi nilijua," akasema Kidawa, akiwa amepiga magoti kulinyoosha pindo la gauni ili asitazamwe usoni.

Sikudhani akatoka nje mbio, akaita: "Zaituni! Kilima kiko wapi? Baba Tunu! Kuna mchicha?" Na kwa sababu aliamini kwamba amepungua, akapungua. Matonge ya kuagwa yakayeyuka. Safari hii Riziki alikwenda nyumba kwa nyumba akawaomba watu wamuage kwa maji, funda moja kila nyumba, nao kwa haya wakakubali.

Alivaa gauni la zambarau, akakaa kwenye ubao wa Mzee Ngwali. Ubao ukafikiri. Jiwe likatulia.

"Sasa kamba zinakujua," akasema mzee. "Pita peke yako. Hao wengine wabaki huku."

Akakanyaga daraja. Chini hapakuwa na korongo. Palikuwa na wingu jeupe tu, linapumua. Mbele hapakuwa na ng'ambo. Akaenda hatua chache, kamba zikacheka, akasimama.

Nyuma yake ngoma ikalia. Riziki alikuwa akimpigia hatua: guu, kisha guu. Ilikuwa ngoma nyembamba, kavu, haina tumbo. Na katika wingu lile, ambamo hakuona kitu, Sikudhani aliisikia vizuri kwa mara ya kwanza. Akaelewa kwamba mkono wa mumewe haukuwahi kuuma. Akatoa guu. Kisha guu.

Katikati daraja likayumba, na ngoma ikapotea. Ndipo sauti ya Zaituni ikaja juu ya wingu: "Mpaka siku moja, shoga, mtoto alisikia mtu anamwita! Unataka kujua ikawaje? Iko mbele yako! Iko kule mwisho wa daraja!" Sikudhani akashika kamba. Akaenda.

Karibu na ng'ambo upepo ukapanda kutoka chini, ukalipindua gauni lake. Akainama kulishika, na ndani ya mshono wa ubavuni akaona kitu kinachong'aa. Pindo la uzi wa dhahabu. Gauni lake halikuwa na dhahabu. Alijua ni kitambaa kimoja tu duniani chenye pindo lile, na alijua kilikuwa kinangojea nini. Akasimama pale hewani, amelishika lile gauni lililomdanganya. Akaelewa kwamba siku Kidawa alipomwambia alivae alikuwa hajapungua kama alivyodhani, na kwamba bila uongo ule angekuwa bado ameukabili ukuta. Nyuma yake, ndani ya wingu, Kidawa pekee ndiye aliyekuwa kimya.

Akavuka.

Tunu alikuwa ameketi ukingoni, amechoka, amevaa macho ya watu wasiolala. Hakusema salamu. Alimpa mama yake mtoto. "Haraka, mama. Tazama."

Sikudhani akampakata. Paja lake halikuwa pana kama la zamani, lakini mtoto alijikunja akapata mahali pake. Akafungua mdomo, akacheka, na kwenye fizi, chini ya ngozi, palikuwa na weupe, kama mwezi nyuma ya wingu jembamba. Njiwa akalia mtini. Mtoto akageuza shingo kumsikiliza.

"Mama!"

"Namwona, mwanangu."

Hapo wingu la korongo likapasuka, na kule alikotoka akawaona watatu, wadogo, wamesimama pamoja. Riziki ameshusha ngoma. Ndiye aliyekula alichokula mkewe, akaitoa sauti yake ipotee. Zaituni amekunja kanga ndogo mikononi. Ndiye aliyempandisha kilima, akatoa kisa pekee alichobaki nacho. Kidawa amefumbata vidole vyake vya sindano. Ndiye aliyemwinua pale ambapo chakula na safari vilishindwa, kwa uongo, na kwa hariri ya siku ambayo sasa, ikija, itamkuta hana cha kuvaa.

Hakuna aliyepunga mkono. Hakuna aliyeita jina lake. Kila mmoja alikuwa akilitazama sikio lile dogo kutoka mbali.

Sikudhani akainama mpaka midomo yake ikagusa sikio la mjukuu wake. Akavuta pumzi. Njiwa mtini naye akavuta pumzi yake.

Haya. Hadithi imeishia hapo, midomo iko sikioni. Mtoto huyo bado anangoja, na jino halingoji. Mpe Riziki, ngoma isiyo na sauti ipate mwenziwe wa kumsikiliza. Mpe Zaituni, aliyewahi kuwa mama na sasa hana wa kumwita hivyo. Mpe Kidawa, kama uongo wenye mapenzi unastahili somo. Au mwambie Sikudhani kwamba miguu iliyovuka ilikuwa yake mwenyewe, na desturi ibadilishwe. Ila uwe tayari kumwambia na njiwa, asije akamwita mtoto.

Wewe uliyejificha nyuma ya bibi yako, usiangalie chini. Wewe wa mlangoni, viatu visubiri. Pumzi imeshavutwa, jina ni moja.

Je, wewe ungemnong'oneza lipi?